Mchezo wa usalama mtandaoni unamfunza mtoto kusema. Je, sisi tuko tayari kumsikiliza?

Katika nchi kadhaa, somo la usalama mtandaoni halianzi tena kwa mwalimu kuandika ubaoni orodha ya makatazo. Linaanza kwa mchezo. Mtoto huletewa ujumbe kutoka kwa mtu asiyemjua na kutakiwa aamue papo hapo: ajibu, anyamaze, amzuie mtu huyo, au amwambie mkubwa? Akikosea hapotezi chochote ila pointi, kisha hujaribu tena.

Hapa kwetu Pwani, mtoto wa umri huo mara nyingi husikia onyo tu: simu ni mbaya, usiiguse. Jioni ikifika anapewa simu hiyo hiyo ili atulie mamake apate kupika. Onyo la asubuhi na simu ya jioni haviendi pamoja, na mtoto anaona hivyo kabla yetu.

Makala haya yanatetea mchezo wa aina hii uingie katika madarasa yetu. Lakini yanasema pia kwamba mchezo peke yake hautatosha, kwa sababu hatua yake ya mwisho haiko mikononi mwa mtoto. Iko mikononi mwa sisi wazazi, walimu na wazee wa mtaa.

Mchezo wenyewe ukoje

Mfano unaojulikana zaidi ni Interland, mchezo uliotolewa na kampuni ya Google mwaka 2017 pamoja na mtaala wa shule uitwao Be Internet Awesome. Una nchi nne za kubuni. Katika moja, mtoto huvuka mto kwa kujibu maswali ya kutambua ujumbe wa kitapeli. Katika nyingine hupanda mlima akielekeza miale ya nuru, na humo hujifunza kwamba kitu unachomtumia mmoja chaweza kumfikia usiyemkusudia. Nchi ya tatu ni mnara unaojengwa kwa maneno ya siri yaliyo magumu kukisiwa. Ya nne humtaka aeneze wema na kuwazuia na kuwaripoti waonevu. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, nalo lina mchezo wake wa visiwa kwa wanafunzi wa gredi ya 3 hadi ya 8, ambao lilianza kuutumia mwaka 2012.

Sababu ya kutumia mchezo ni rahisi kuielewa. Hakuna mvuvi anayemfunza mwanawe kuogelea kwa kumhutubia akiwa ufuoni. Humtia majini penye kina kifupi, yeye mwenyewe akiwa karibu. Tapeli wa mtandaoni hutegemea pupa na woga. Humtaka mtoto ajibu sasa hivi, kabla hajafikiri. Aliyewahi kufanya mazoezi ya kusimama na kufikiri ana nafasi ya kusimama siku ya kweli. Aliyepewa hotuba tu hukumbuka hotuba jambo likishapita.

Hata hivyo tusiufanye mchezo kuwa dawa ya kila ugonjwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New Hampshire, Marekani, waliupima mtaala huo wa Google katika shule. Waliona kwamba watoto waliusoma wakajua zaidi na kujiamini zaidi, lakini uonevu wa mtandaoni haukupungua kwa sababu hiyo. Kujua ni jambo moja na kutenda ni jingine. Kati ya hayo mawili kuna nyumba, kuna mtaa, na kuna watu wazima.

Kwa nini Pwani haiwezi kungoja

Wapo watakaosema kwamba hii ni shida ya Wazungu na watoto wao wenye kompyuta vyumbani. Takwimu zinakataa. Mwaka 2021 ulitolewa utafiti kuhusu Kenya, uliofanywa na mashirika ya UNICEF, ECPAT na INTERPOL. Uligundua kwamba kati ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, asilimia 5 hadi 13 walifanyiwa unyanyasaji wa wazi wa kingono mtandaoni katika muda wa mwaka mmoja tu. Wengine walitishiwa, wengine picha zao zilisambazwa bila ridhaa yao, na wengine waliahidiwa pesa au zawadi. Chukua darasa la wanafunzi 40 wenye intaneti ufanye hesabu: ni watoto wawili hadi watano.

Sisi wa Pwani tuna sababu zaidi ya kulitazama jambo hili kwa makini. Mwaka 2006, utafiti wa serikali na UNICEF ulikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa Mombasa, Malindi, Kilifi na Diani walikuwa wakitumiwa kingono katika biashara iliyofungamana na utalii. Wakati ule mkosaji alipaswa kukata tiketi ya ndege, kutafuta chumba na kumpata mtu wa kumwonyesha njia. Leo hahitaji hata kimoja katika hivyo. Anahitaji akaunti yenye picha ya uongo na mtoto mwenye bando la siku moja. Tulizoea kulinda fuo na milango ya hoteli, na mlango wa leo uko mfukoni mwa mtoto.

Kasi ya mambo imebadilika pia. Kesi moja iliyofika mahakamani Marekani inaonyesha jinsi mtego huu unavyofanya kazi. Machi 2022, mvulana wa miaka 17 katika jimbo la Michigan alichukua maisha yake saa chache tu baada ya kuanza kutishiwa na watu waliojifanya msichana kwenye Instagram. Walipata picha yake ya faragha, wakadai pesa, wakasema wataisambaza kwa jamaa na marafiki. Ndugu wawili kutoka Lagos, Nigeria, walisafirishwa hadi Marekani, na mwaka 2024 kila mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 17 na nusu.

Jambo la kuzingatia hapo ni zile saa chache. Mzazi anayesema atazungumza na mwanawe siku za likizo, akipata nafasi, hajui kwamba mambo haya yanaweza kuanza baada ya magharibi na kufika pabaya kabla ya alfajiri. Katika saa hizo chache mtoto anahitaji kitu kimoja tu: mtu wa kumwambia, na uhakika kwamba akimwambia hataangamia.

Yale ambayo mchezo wa wenzetu hauyaoni

Tukiuchukua mchezo wa nje jinsi ulivyo, kuna mambo manne utakayoyaacha.

Kwanza, humchora adui kama mgeni. Mtoto huonywa juu ya mtu asiyemjua. Lakini utafiti ule wa 2021 ulionyesha kwamba mara nyingi anayemdhuru mtoto mtandaoni ni mtu anayemjua tayari. Huenda ni jirani, rafiki wa kaka, jamaa, au mtu anayeheshimiwa mtaani. Watoto wetu wamelelewa kumwamkia kila mkubwa, kumtii na kutomjibu. Malezi hayo ni mema. Lakini mtoto lazima aambiwe waziwazi kwamba heshima haimlazimishi kumtunzia mkubwa siri ya picha.

Pili, mchezo unachukulia kwamba kila mtoto ana simu yake na akaunti yake. Kwetu simu moja huzunguka nyumba nzima. Mtoto wa miaka tisa anaingia TikTok kwa akaunti ya dadake, ingawa masharti ya TikTok yenyewe yanataka mtumiaji awe na miaka 13. Anajua namba ya siri ya M-Pesa ya mamake kwa sababu ndiye anayetumwa dukani. Mtoto wa namna hiyo ni mlango wa kuingilia akiba ya nyumba nzima.

Tatu ni lugha. Mtoto wa Lamu au wa Kinango anayesoma maelezo kwa Kiingereza atashughulika na maneno kabla hajafikia maana. Matapeli wao hawana shida hiyo. Wanaandika Kiswahili, tena cha mtaani, na wanajua kusema "mdogo wangu" na "mpenzi".

Nne, mchezo uliotungwa na kampuni ya mtandao hauna haraka ya kumfunza mtoto kuihoji kampuni yenyewe. Utamwambia asimpe mgeni habari zake. Hautamweleza kwa uzito ule ule kwa nini video moja ikiisha nyingine huanza yenyewe, au ni nani anayeweka kumbukumbu ya kila anachokitazama. Hilo ni somo la mwalimu, halimo katika programu.

Mchezo unaoweza kuchezwa bila intaneti

Habari njema ni kwamba hatuhitaji kungoja vifaa. Serikali ilianza kusambaza vishikwambi katika shule za msingi za umma mwaka 2016, na pengine bado vimo kabatini katika shule ya mwanao. Vikifanya kazi, vitumiwe. Visipofanya kazi, mchezo unaweza kuchezwa kwa karatasi, kalamu na pembe tatu za darasa. Mtaala wa sasa unautaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi, hivyo mwalimu hatakuwa ameacha kazi yake.

Mwalimu aandike kadi kumi au kumi na mbili, kila moja ikiwa na ujumbe kama ule unaoingia kwenye simu zetu. Pembe moja ya darasa iitwe Simama, ya pili Uliza, ya tatu Sema. Anasoma kadi kwa sauti, na watoto wanakimbilia pembe wanayoiona inafaa. Kisha kila kundi linaeleza kwa nini limekwenda huko. Majadiliano hayo ndiyo somo lenyewe.

Kadi ya kwanza iseme: "Umeshinda almasi 1,000 za gemu! Tuma tarakimu sita zilizoingia sasa hivi kwenye simu ya baba." Watoto wanaocheza gemu za kupigana kwa simu wanajua almasi ni nini na wanazitaka sana. Hapo watajifunza kwamba zile tarakimu sita ni ufunguo wa akaunti, na anayeziomba ni mwizi hata akijiita nani.

Kadi nyingine iseme: "Mimi ni ajenti wa timu kubwa. Nimekuona uwanjani. Nitumie picha zako, na usimwambie kocha kwanza." Hii ni ya wavulana, kwa sababu tumezoea kudhani kwamba wasichana pekee ndio hunaswa. Watoto wajifunze kuitambua ile sehemu ya "usimwambie". Mtu mwema hana haja ya kumwekea mtoto siri dhidi ya kocha wake wala mamake.

Ya tatu iwe nzito zaidi: "Ni mimi mjomba. Ile picha iwe siri yetu, nitakununulia simu." Hapa darasa litanyamaza. Wengine watakwenda pembe ya Uliza wakidhani mjomba hawezi kukosea. Mwalimu asiwacheke wala asiwakemee, maana kusitasita huko ndiko wakosaji wanakokutegemea.

Ya nne iwe ya kundi: picha ya mwenzao wa darasani inayomdhalilisha imetumwa WhatsApp, na kila mtu anaipeleka mbele. Wewe utafanya nini? Watoto wengi hawajui kwamba anayepeleka mbele naye anashiriki kosa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta na mtandao inaadhibu usambazaji wa picha za ngono za watoto, na inaadhibu pia unyanyasaji wa mtandaoni. Haikusema kwamba aliyecheka tu na kusambaza ameepuka.

Mzazi naye apewe kadi yake

Mchezo huu ukichezwa vizuri, mtoto atafika pembe ya Sema. Atajifunza kutamka maneno ambayo ni mazito hata kwa mtu mzima: "Kuna mtu ananitisha, naogopa, nisaidie." Swali ni hili: atamwambia nani, na akishamwambia, nini kitatokea?

Tuseme ukweli. Katika nyumba nyingi za kwetu, mtoto akisema hivyo, kinachofuata ni kofi. Simu inanyang'anywa. Kisha linakuja neno linaloumiza kuliko kofi: umetuaibisha. Msichana anaweza kuondolewa shuleni. Mvulana anaambiwa si mwanamume. Mtoto mwenye akili anaijua hesabu hiyo kabla hajafungua mdomo, kwa hiyo hanyamazi kwa ujinga. Amepima tishio la tapeli na hasira ya nyumbani, akaona afadhali tapeli.

Tapeli naye anaijua aibu yetu. Ndiyo silaha yake, na bila hiyo picha aliyonayo haina bei. Kila mara tunapomfokea mtoto aliyesema, tunamfanyia kazi mtu yule bure.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Stara ni katika mambo tunayojivunia, lakini tuulizane stara hiyo inamfunika nani. Mtoto aliyedhulumiwa afunikwe: jina lake lisitajwe barazani, picha yake isionyeshwe mtu, asisimangwe. Hiyo ni stara ya kweli. Lakini wazee wanapokaa na familia ya mkosaji, wakapatana kwa fedha au kwa radhi ili jambo lisitoke nje, waliyemfunika ni mkosaji, na kesho atamwendea mtoto wa jirani. Makosa ya kingono dhidi ya mtoto ni jinai chini ya sheria ya mwaka 2006, na jinai haimalizwi kwa kikao cha nyumbani.

Kwa hiyo napendekeza kwamba shule itakayocheza mchezo huu iwaite wazazi katika raundi ya mwisho. Mwalimu amwombe mzazi akae kitini, na mtoto asiye wake amsomee kadi: "Nimetuma picha na sasa ananidai pesa." Mzazi ajibu mbele ya wenzake. Wengi watagundua kwamba neno la kwanza linalowatoka ni "Kwa nini ulifanya hivyo?" Wafanye mazoezi ya neno jingine: "Umefanya vyema kuniambia. Hili si kosa lako. Tutalishughulikia pamoja." Ni sentensi fupi, lakini ni ngumu kwa asiyeizoea, kama vile "hapana" ilivyo ngumu kwa mtoto.

Baada ya neno hilo, zipo hatua za kufuata. Usilipe, kwa sababu anayelipwa mara moja hurudi. Usifute ujumbe, ni ushahidi. Hifadhi majina ya akaunti, namba za simu na tarehe. Picha ya mtoto usimtumie jamaa yeyote, hata kwa nia ya kuomba ushauri, kwa maana kusambaza kwenyewe ni kosa. Piga 116, laini ya kitaifa ya kuwasaidia watoto, ambayo haina malipo na hupokea simu usiku na mchana. Ripoti katika kituo cha polisi au kwa afisa wa watoto. Idara ya upelelezi, DCI, ina kitengo maalumu cha ulinzi wa watoto.

Shule, kaunti na serikali

Shule nazo zijitazame. Haifai mwalimu afundishe asubuhi kwamba picha ya mtoto ni amana, halafu alasiri shule ijaze Facebook picha za wanafunzi, majina na sare zikionekana, bila kumuuliza mzazi. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023, ofisi ya kamishna wa data iliitoza shule moja nchini faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo. Madrasa, vilabu vya mpira na mashirika ya misaada yanayopenda kupiga picha watoto wetu yasidhani kwamba hayaguswi.

Aprili 2025, Mamlaka ya Mawasiliano nchini ilitoa miongozo inayoyataka makampuni ya simu na ya intaneti yachukue hatua za kuwalinda watoto. Ni hatua njema, na wabunge wetu wana haki ya kuuliza utekelezaji umefika wapi. Kaunti za Pwani nazo haziwezi kusema kwamba elimu ni kazi ya Nairobi pekee. Katiba ya 2010 imezipa elimu ya chekechea, na mtoto wa miaka minne au mitano tayari anajua kufungua YouTube. Kutafsiri kadi za mchezo, kuzichapisha na kuwapa walimu mafunzo ya siku mbili si mradi wa kuvunja bajeti ya kaunti yoyote.

Lakini yote hayo yatachukua muda, na mwanao ana simu mkononi usiku wa leo. Muulize swali moja, kwa upole, bila kuichukua simu: "Mtu akikutumia kitu kibaya, utaogopa kuniambia?" Akisema ndiyo, usikasirike. Muulize ni kitu gani hasa anachokiogopa, kisha nyamaza umsikilize.